Siku Afande Alipompeleka Koplo Kupimwa

Pale kwa Kinyozi foleni ya kunyolewa ilivunjwa kila siku, na mwenye haraka aliwaruka wenzake kwa maneno mawili matatu ya kubembeleza. Sheria ya kupima wanyama ndiyo haikuvunjwa na mtu. Ukitaka mnyama wako aingie kwenye timu ya mtaa, unamleta, unampiganisha mara tatu mbele ya watu, kisha unakaa kwenye benchi na kufunga mdomo huku Mizani akisema anayoyasema. Hujitetei. Hununi. Akimaliza unasema asante, hata kama umevuliwa nguo mbele ya wakwe.

Wanyama wenyewe si wa bandani. Ni wa ndani ya simu, wa mchezo unaoitwa Mawindo, ambao umewatoa watu wazima na akili zao majumbani wakatembea mitaani wameinamia viganja kama waliodondosha pete. Unatembea, simu inatetemeka, mnyama anajitokeza: wa maji, wa majani, wa chuma, wa barafu, wa moto. Unamnasa, unamlea, unampiganisha. Aliyeubuni mchezo huo ama alikuwa na busara nyingi au hakuwa na kazi ya kufanya, na mtaani watu hawajaafikiana bado.

Mizani alikuwa dobi, binti wa hapohapo mtaani. Chumba chake kilipakana na cha Kinyozi, kina pasi mbili za mvuke na kamba zilizovuka dari kwa mashati ya watu. Jina la Mizani alilipata kwa ulimi. Hakuwahi kumvisha mtu kilemba cha ukoka. Kinyozi mwenyewe, nahodha wa timu, alishaambiwa kuwa ndege wake wa barafu ni pambo la ukutani, na Kinyozi, mtu anayependa sifa kuliko chakula, akasema asante kwa sauti ya mtu aliyemeza mfupa.

Timu ya mtaa ilikuwa ya watu watatu: Kinyozi, Mizani na Mwalimu. Kisha Mwalimu akahamishiwa shule ya mbali wakati mashindano ya mitaa yanabisha hodi, ukumbi umeshapatikana, siku imeshawekwa kuwa Jumamosi. Pengo likabaki wazi. Ndiyo maana moyo ulimlipuka Mizani siku ya Alhamisi alipomwona baba yake mzazi akiinama kwenye mlango wa Kinyozi, fimbo mkono mmoja, simu mkono wa pili, akisema, "Nimemleta Koplo apimwe."

Baba yake, mtaa mzima ulimwita Afande. Alikuwa wa zimamoto tangu ndevu zilipomwota mpaka zilipoota mvi, mshika mpira wa maji wa mbele, yule anayeingia wa kwanza wenzake wakimfuata mgongoni. Goti likamsaliti ngazini, umri nao ukamalizia kazi. Wakamfanyia hafla, wakampa saa ya ukutani, wakamrudisha nyumbani. Huko akakaa. Neno hilo lichukuliwe kama lilivyo: alikaa kwenye kiti cha dirishani asubuhi, akakaa hapo mchana, na jioni mama alipofagia alimzunguka kama anavyolizunguka kabati. Wageni walipomjulia hali alijibu "Nipo," na kweli alikuwepo, ila zaidi ya hapo hakukuwa na kitu.

Mizani ndiye aliyemwekea Mawindo kwenye simu, kwa hila tu, akijua mchezo huo hauchezeki kwa kukaa. Afande aligoma. Alisema hajafika umri wa kurudia utoto. Kisha asubuhi moja akatoka kwenda kutupa taka, simu ikatetemeka mfukoni, na nyuma ya pipa akakutana na nungunungu mwenye miiba inayowaka kama makaa. Nungumoto. Alimnasa, akampandisha cheo palepale, akamwita Koplo. Tangu siku hiyo akawa mtu wa kutembea. Alikwenda sokoni, akaenda stendi, akafika mpaka kituo chake cha zamani, wenzake wakamwona akipita na fimbo yake, anachechemea na kutabasamu. "Mtu mzima na ndevu zake anamtembeza nungunungu," mama aliwalalamikia majirani, na majirani walioijua sauti yake walielewa kuwa huko si kulalamika.

Sasa mtu ataiona shida iliyomkaba Mizani. Akisema Koplo hafai, huenda kiti cha dirishani kikampata mwenyewe tena. Akisema anafaa ilhali hafai, timu itaumbuka ukumbini, na Afande, ambaye alichukia kuhurumiwa kuliko alivyochukia moshi, atakuja kujua tu kwamba binti yake alimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Hakuna aliyemshauri, kwa sababu hakuna aliyemwuliza mpimaji kama naye ana roho.

"Shikamoo, Baba," alisema.

"Marahaba. Leo usiniite Baba. Mimi ni mtu na mnyama wake."

Kinyozi alizima mashine, kichwa cha mteja kikabaki nusu kimenyolewa nusu kina nywele. "Afande, karibu sana. Lakini huyo si wa moto?"

"Wa moto."

"Mzee wa zimamoto na mnyama wa moto!" Mteja alicheka mpaka shuka la kunyolea likamtoka mabegani. "Ndiyo ile, dawa ya moto ni moto."

"Aliyesema hivyo," Afande akamjibu, "hajawahi kushika mpira wa maji."

Kinyozi aliiunganisha simu ya Afande na televisheni ya ukutani, kama ilivyokuwa desturi, ili kila mtu aone pambano kwa ukubwa. Koplo akatokea, mfupi, mnene, miiba inafuka. Mizani alisoma sifa zake kwa sauti, akishukuru kuwa namba hazina undugu na mtu.

"Shambulio lipo juu," alisema. "Ulinzi wa karatasi. Uhai wa kadiri. Pigo lake jepesi ni Miale, linawahi. Pigo zito ni Tanuri. Hilo linachelewa kuiva, lakini likimpata adui linamwasha, na ule moto unaendelea kumla hata kama Koplo mwenyewe amesimama tu." Akatua kidogo, kwa kuwa alichotaka kusema kilimfurahisha na alijihadhari na furaha hiyo. "Msimu huu kila timu inatembea na kifaru wa chuma. Chuma hakina mbabe kama moto. Kwa sifa hizi, huyu ni mali."

"Sifa, sawa," Kinyozi alisema. "Lakini tukipigana wawili wawili uwanja ni mmoja, na moto hauna adabu. Mti wangu umeshaungua mara mbili, na walioniunguzia walikuwa wa upande wangu." Mnyama wake bora alikuwa Mgunga, mti unaotembea kwa mizizi, na habari za kuungua kwake zilisimuliwa mle ndani kama habari za msiba.

Waliokuwepo walijua anachosema. Mchezo una ndoo kwa ajili hiyo: alama ndogo ya ndoo pembeni mwa kioo, mchezaji yeyote anaweza kuibonyeza, maji yakashuka na moto wote uwanjani ukafa. Gharama yake ni kuwa mnyama wa aliyebonyeza anasimama kimya zamu nzima, apigwe apigwavyo. Wenye wanyama wa moto huwa hawaigusi. Wanawasha, basi.

Walianza. Wapinzani walikuwa wale wa mazoezi wanaoletwa na mchezo wenyewe, ngazi ya juu kabisa. Akaja kifaru wa chuma. Koplo alitema Tanuri, kifaru akashika moto kuanzia pembe mpaka mkia, watu wakapiga kelele. Halafu, shwaa, maji yakashuka, moto ukafa, Koplo akasimama kama aliyesahau alichotumwa, na kifaru akampitia juu. Akaja dubu wa barafu. Tanuri, moto, shwaa, Koplo kazubaa, Koplo chini. Wa tatu alikuwa gugu. Gugu tu, rundo la majani lenye macho, mnyama ambaye mchezaji wa siku ya kwanza humshinda akiwa anakula. Gugu nalo likamshinda Koplo.

"Majani yameushinda moto!" Mteja yule aliinuka na nusu kichwa chake. "Leo tumeona!"

Afande aliweka simu mapajani, akakaa kwenye benchi, akafunga mdomo kama sheria inavyotaka. Mikono yake mikubwa aliilaza juu ya magoti. Alimtazama binti yake jinsi alivyokuwa akimtazama mkuu wa kituo akisubiri amri, na Mizani akatamani sakafu immeze.

"Sijui," alisema.

Mteja akarudi kitini. Tangu Mizani aanze kupima, neno hilo halikuwahi kumtoka.

"Mizani," Kinyozi alisema polepole, "damu nzito kuliko maji, hilo halina ubishi. Lakini angekuwa mnyama wangu, ungeniambia hujui?"

Lilimchoma, maana lilikuwa kweli. Angekuwa wa Kinyozi angeshamwita pambo la pili. "Kuna kitu hakikai sawa," alijitetea. "Nipe mpaka kesho."

"Kesho jioni natuma majina. Fundi Simu wa kona yuko tayari. Mnyama wake si kitu, lakini angalau haunguzi mtu."

Afande aliinuka na fimbo yake. "Asante," alisema, ingawa hakuna aliyekuwa amempa chochote cha kushukuru.

Kesho yake asubuhi Afande hakwenda kutembea. Mama ndiye aliyeleta habari hiyo dukani kwa dobi, pamoja na kopo lake la vifungo, kwani kazi ya kushona vifungo vilivyokatika kwenye nguo za wateja ilikuwa yake. "Amekaa," alisema, akafungua kopo.

Mizani alikuwa akinyoosha mashati ya wahudumu wa hoteli, kola baada ya kola, na pambano la jana likawa linapita tena mbele yake. Wapinzani wa ngazi ya juu nao wana ndoo, kwa hiyo alidhani wao ndio waliozima. Ila anayemwaga ndiye anayesimama. Kama kifaru alimwaga maji, ilikuwaje asimame Koplo? Pasi ikasimama hewani. Alimtuma mama akamwite baba aje kusaidia kupanga vitundikio, akijua kwamba Afande hawezi kukataa kazi hata akiwa na hasira na dunia nzima.

Mama akarudi kwenye vifungo vyake, na Afande akaja. Alipanga vitundikio vyote vikatazama upande mmoja kama askari gwarideni. Kisha Mizani akamwambia, "Baba, hebu mpiganishe Koplo na gugu tena. Mara moja tu."

"La jana halikutosha?"

"Jana nilitazama ukutani."

Safari hii hakutazama ukutani wala kioo cha simu. Alitazama mikono. Ule wa kulia ulipiga Miale kwa mpangilio mzuri, ukasubiri, ukaachia Tanuri kwa wakati wake. Gugu likawaka. Na hapohapo, bila papara, kidole gumba cha kushoto kikateleza mpaka pembeni mwa kioo na kubonyeza ndoo.

"Baba, umebonyeza nini?"

"Pigo."

"Kwa mkono wa kushoto?"

"Kushoto sijabonyeza kitu."

"Mama, njoo huku utazame."

Mama alikata uzi kwa meno, akaja, akasimama nyuma ya mumewe. Gugu jingine likaletwa, likawashwa, na kidole kikaenda. "Ndoo," mama alisema. "Nimekiona na macho yangu haya mabovu. Unabonyeza ndoo, mume wangu. Unajizima mwenyewe!"

Afande alikigeuza kidole chake huku na huku. Alijaribu tena akikikodolea macho, na kikaenda tena, kama mbuzi anayejua njia ya kwao. Hapo ndipo kicheko kilipompasuka. Alicheka mpaka akakohoa, mama akaegemea kamba ya mashati, Mizani akashika mbavu, na walipokuwa katika hali hiyo Afande ndiye aliyenusa na kuruka kuinyanyua pasi iliyosahaulika juu ya kola ya mhudumu wa hoteli. Kola ikapona. Wakacheka upya.

Kisha akakaa juu ya furushi la nguo chafu. "Kwa hiyo Koplo ni mzima," alisema. "Mbovu ni mimi."

Kicheko kikatoka chumbani. Mizani aliumia, na aliumia zaidi kwa sababu maneno ya kumfariji yalimjia yote kwa pamoja na hakuna hata moja aliloweza kulisema. Hapana Baba, wewe si mbovu. Hayo ndiyo hasa mafuta ya mgongo wa chupa. Mpimaji ndani yake alijua vizuri kwamba mchezaji anayeuzima moto wake mwenyewe hapelekwi ukumbini. Basi badala ya kumfariji akamwuliza swali.

"Kazini kwenu, hamkuwahi kuacha kitu kiungue?"

Afande alifikiri. "Mara chache. Ghala la magodoro, lile la kule reli. Tulifika limeshika lote. Mkuu akalizunguka, akahakikisha, akarudi akasema, hakuna mtu ndani, liacheni, mwagieni la jirani. Tukasimama na maji mkononi tunaliangalia likiungua. Wee! Kuingia motoni ni kazi, lakini kusimama ukautazama ni kazi zaidi. Mikono ilikuwa inaniwasha."

"Sasa ulijizuiaje?"

"Kwa kujua. Hakuna mtu ndani. Ukishalijua hilo mkono unatulia wenyewe. Kama hujalijua hautulii, na wala haifai utulie." Alilitazama gugu lililosinzia kwenye simu. "Hivi vinyama vina macho, mwanangu. Kitu chenye macho kinaungua, mimi nifanyeje?"

"Uulize kwanza," mama alisema, akitunga uzi kwenye sindano. "Si ndivyo mlivyokuwa mkiulizana? Kuna mtu ndani? Uliza, ujijibu, ndipo umwage."

Wakajaribu. Haikuwa kazi ya kufumba na kufumbua. Mama alikibana kile kidole kwa kibanio cha nguo, kidole kikabonyeza ndoo pamoja na kibanio chake. Alikigonga kwa kitundikio, kikajificha, kikarudi. Mizani akawasha pasi na kuendelea na mashati, kwani wateja hawajui habari za nungunungu, na nyuma yake akawa anamsikia baba yake akinong'ona kwa kila adui aliyewaka: kuna mtu ndani? Hakuna. Kuna mtu? Hakuna mtu. Ilipofika saa sita, gugu moja likaungua mpaka likaisha. Afande hakushangilia. Alifuta jasho na kusema, "Lete jingine."

Alasiri waliingia kwa Kinyozi wote watatu, mama akiwa mbele kana kwamba ndiye anayepimwa. Fundi Simu alikuwa ameshakaa kwenye benchi, miguu ameitanua, mtu mwenye uhakika na nafasi yake.

"Sheria haikusema mnyama hapimwi mara mbili," Mizani alisema kabla hajaulizwa. "Jana sote tulitazama ukutani, na mimi wa kwanza. Aliyekuwa anazima ni Afande. Mkono wa zimamoto ulikuwa unakwenda wenyewe kwenye ndoo."

Watu walivunjika mbavu. Afande aliwaacha wacheke mpaka wachoke, akaiunganisha simu yake mwenyewe.

"Nataka mapambano matatu," Mizani aliendelea. "Kifaru wa chuma, peke yake. Halafu wawili kwa wawili, Kinyozi awe upande wake na Mgunga. La mwisho mnyama wa maji." Kinyozi alifungua mdomo kuutetea mti wake, akawaona wateja wanavyomtazama, akaufunga.

Kifaru akaja. Miale, Miale, kusubiri, Tanuri. Chuma kikashika moto. Watu wote walitazama ukutani isipokuwa Mizani na mama yake, waliokitazama kidole. Kikatoka. Kikafika juu ya ndoo, kikasita hapo. Mizani akajikuta anaomba, yeye ambaye hakuwahi kumwombea mnyama yeyote ashinde.

"Hakuna mtu ndani," Afande alisema kwa sauti, peke yake na simu yake.

"Amesemaje?" Fundi Simu aliuliza. Kidole kilikuwa kimerudi mahali pake, na kifaru akaungua taratibu, akajaribu pigo moja la mwisho na kuanguka.

Pambano la pili lilikuwa la wawili wawili. Upande ule chui wa chuma na mbu mkubwa kuliko paka. Upande huu Koplo, na kando yake Mgunga, majani yake yakipepea. Koplo alimwasha chui. Moto ukamla chui, ukashuka kwenye nyasi za uwanjani, ukaanza kutambaa kurudi upande huu, kuelekea kwenye mizizi.

"Afande," Kinyozi alisema. "Afande, mti wangu. Mzee, mti wangu unaungua!"

"Bado haujaungua. Nauona."

Kidole kilikuwa tayari, ila hakikuwa na haraka. Alimwacha chui apungue, apungue, abaki na ukucha mmoja wa uhai. Moto ukafika jani la chini kabisa la Mgunga.

"Sasa kuna mtu ndani," Afande alisema, na akamwaga.

Maji yakashuka, moto ukafa, Koplo akasimama kimya kama ilivyo gharama yake, na katika ukimya huo Mgunga ambaye hakuwa amepoteza hata tawi akanyoosha mzizi mmoja na kummaliza chui. Mbu akafuata. Kinyozi alikaa kwenye kiti cha wateja, kiti ambacho hajawahi kukikalia mchana, na kuushika moyo wake.

La tatu Afande alishindwa. Mamba wa maji alimzima Koplo kwa mkupuo mmoja, bila msaada wa ndoo ya mtu, na safari hii hakuna aliyecheka.

Afande akakaa kwenye benchi, Fundi Simu akisogea kando kumpa nafasi. Alilaza mikono juu ya magoti na kufunga mdomo. Mizani akasimama katikati, akiwa na kazi yake ileile ya siku zote.

"Koplo ana shambulio kubwa na ngozi ya karatasi," alisema. "Mkikutana na chuma, mtangulizeni. Barafu, vilevile. Maji msimtoe kabisa, atakufa bure. Hiyo ni ya mnyama. Mchezaji ana kasoro." Alimgeukia baba yake. "Mkono wake unakimbilia ndoo. Leo umekimbilia ukarudi. Kesho, mbele ya ukumbi mzima, huenda usirudi, na tukashindwa kwa sababu hiyo. Nalisema kwa kuwa ni kweli, na angekuwa mtu mwingine ningelisema."

Afande hakutikisika. Mama alikishika kishikizo cha pochi yake.

"Lakini nimewapima watu wengi wa moto hapa, na wote wanajua kuwasha tu. Huyu ndiye wa kwanza niliyemwona anajua wakati wa kuzima. Ningekuwa mti, ningesimama karibu naye." Akageuka kwa nahodha. "Anafaa. Siyo kwa sababu ni baba yangu. Anafaa."

"Mimi ndiye mwenye mti," Kinyozi alisema, "na nimeshasimama." Akatoa simu na kuanza kuandika majina.

Afande alitakiwa aseme asante. Alijaribu, machozi yakamtangulia, na Kinyozi kwa heshima akawasha mashine ya kunyolea isiyokuwa na kichwa cha kunyoa, ikanguruma mpaka mzee alipomaliza kujifuta macho kwa kiganja.

"Asante," alisema hatimaye. Kisha akauliza, "Kesho mnaanza saa ngapi?"

"Saa tatu, Afande."

"Mimi nitakuwa pale saa mbili. Nataka kwanza nione milango ya kutokea iko wapi, na nani ana funguo."

Watu walicheka, hata mama. Mizani hakucheka. Tangu siku ya hafla ile ya kustaafu hakuwahi kumsikia baba yake akitaja jambo atakalofanya kesho, na ilimbidi ageukie ukutani, ajifanye anachomoa waya wa televisheni.